Kujitolea hospitali ya misheni kijijini: jibu kwa muuguzi anayesubiri ajira

Swali la msomaji: "Shikamoo mama. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, na leseni ninayo, lakini huu ni mwaka wa pili niko nyumbani nikisubiri ajira za serikali. Nimepata nafasi ya kujitolea miezi sita katika hospitali ya misheni iliyoko kijijini, mikoa ya kusini. Nimekulia Dar es Salaam na mimi ni Mwislamu. Wenzangu wanasema nitatumikishwa bure na nitarudi nimesahau hata nilichosoma. Niende? Na nikienda, nifanye nini nisiwe mzigo kwa wenyeji wangu?"

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Ila usipande basi kabla hujashika karatasi mkononi, na nitakueleza karatasi gani.

Nimekuwa mkunga kwa miaka 31, na 19 kati ya hiyo nimeitumia katika hospitali za misheni huko huko kusini unakotaka kwenda. Miaka ya mwisho, kijana yeyote aliyekuja kujitolea upande wa uzazi alipitia mikononi mwangu. Wapo waliokuja kwa miezi mitatu wakawa nguzo ya wodi, hadi leo wagonjwa wanawaulizia. Wapo pia walioondoka alfajiri na basi la kwanza bila kuaga. Nikiwakumbuka hawa wa pili, karibu wote walikuja kwa kuambiwa "njoo tu, kazi ipo". Hakuna aliyewaeleza watakuwa chini ya nani, watafanya nini na watamaliza lini, nao waliona haya kuuliza.

Kwa hiyo wenzako hawajakosea kabisa. Zamani anayejitolea alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Siku hizi ni kijana wetu mwenye cheti, anayengoja tangazo la ajira, na hospitali zinalijua hilo. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Hospitali niliyoendea, ambayo sitaitaja, iliniambia miezi mitatu. Nilikaa kumi na mmoja. Nililala wodi ya watoto zamu za usiku mfululizo, mimi na mhudumu mmoja, vitanda vimejaa na wengine chini kwenye mikeka. Nikiuliza habari za posho naambiwa Mungu atanilipa. Naamini Mungu hulipa. Naamini pia kwamba mwenye hospitali anatakiwa kumlisha anayekesha na wagonjwa wake.

Karatasi ninayoisema ni barua yenye sahihi ya mganga mfawidhi au katibu wa hospitali. Iseme unaanza lini na unamaliza lini. Iseme uko idara gani na msimamizi wako ni nani kwa cheo. Iseme zamu za usiku hazitazidi ngapi kwa mwezi, utalala wapi, utakula wapi, ukiugua nani anakutibu, na posho ni kiasi gani hata kama ni ya sabuni na nauli tu. Wakisema posho hawana, sawa, nayo iandikwe, uamue ukiwa unajua. Mwisho iseme kwamba ukimaliza utapewa barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya, kwa maana hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye usaili. Hospitali yenye heshima haitakasirishwa na maswali haya. Inayokasirika imeshakujibu.

Na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai muda wote utakaokuwa kule. Hili nalisisitiza kwa sababu kijijini mipaka ya kazi hulegea. Usiku daktari yuko mmoja, yuko thieta, na mtu anakuambia "wewe si umesoma, mchome dawa ya usingizi huyu". Kama hukufundishwa, kataa. Kataa kwa upole, lakini kataa. Utakapoharibu hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa unasaidia.

Sasa nikueleze unaingia mahali pa namna gani, maana sidhani chuoni walikufundisha hili. Watu wa mjini hudhani hospitali ya misheni ni mali ya wageni wenye fedha zisizoisha. Nyingi kweli zilianzishwa na wageni: Wabenediktini pale Ndanda na Peramiho, Waanglikana upande wa Masasi walikofika tangu 1876, Walutheri kutoka Norway pale Haydom, kaskazini kule Mbulu, mwaka 1955. Leo hospitali nyingi za aina hii ni za majimbo na dayosisi zetu, zinaongozwa na Watanzania, na misaada ya nje imepungua sana. Mwaka 1992 serikali na makanisa walikubaliana rasmi kushirikiana katika elimu na afya, na ndipo ilipozaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Wilaya isiyokuwa na hospitali yake, ile ya misheni ilifanywa hospitali teule: serikali inaleta ruzuku na kulipa mishahara ya baadhi ya watumishi, kanisa linabaki na majengo na uendeshaji.

Matokeo yake utayaona siku ya kwanza. Wodi moja ina wauguzi wa aina mbili, mmoja analipwa na serikali, mwenzake na dayosisi, kazi ileile, mishahara haifanani. Kila ajira za serikali zinapotangazwa, wa dayosisi huomba, na wakipata wanaondoka wiki hiyohiyo. Siwalaumu, wana watoto wa kusomesha. Miaka ya karibuni serikali imejenga hospitali za wilaya katika halmashauri nyingi, jambo jema kwa wananchi, lakini kwa baadhi ya hospitali za misheni limemaanisha watumishi kuhamishwa. Pengo unaloenda kuliziba wewe limetoka huko. Ukilijua, hutashangaa kuona muuguzi mwenye uzoefu wa miaka ishirini hakuchangamkii sana. Ameshapokea vijana wengi, akawafundisha, wakaondoka. Mvumilie, na wiki za kwanza usimuulize mtu yeyote habari za mshahara.

Wapo waliobaki, na mmoja napenda vijana wamjue. Leader Stirling alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, akafika Lulindi, karibu na Masasi, mwaka 1935, na baadaye akahamia Mnero kule Nachingwea. Alichukua uraia wa Tanzania na akawa Waziri wa Afya wa nchi hii kuanzia 1975 hadi 1980. Simtaji ili na wewe ubaki maisha yote. Namtaja kwa sababu mtu aliyeanzia kwenye hospitali ya vijijini ndiye aliyekuja kukabidhiwa afya ya nchi nzima, na sidhani ilitokea kwa bahati tu. Ukikaa kijijini unauona ugonjwa kuanzia pale unapoanzia.

Hapo ndipo naomba unisikilize zaidi.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, Desemba moja, aliletwa mama wa mimba ya tatu amelala kwenye machela ya vijiti iliyofungwa nyuma ya baiskeli. Alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Mapigo ya mtoto sikuyasikia. Nilimgeukia mama mkwe wake nikamfokea mbele ya watu: "Mlikuwa wapi siku zote hizi? Mnangoja nini hadi mtu afe?" Yule mama hakujibu neno, aliangalia miguu yake. Tulimkimbiza mgonjwa thieta, daktari msaidizi akamfanyia upasuaji, mama akapona, mtoto hakuwahi.

Asubuhi mhudumu wa usiku, mwanamke wa pale kijijini aliyeishia darasa la saba, akaniita pembeni. Akaniambia: dada, unajua wamepita wapi? Walikuwa na malipo ya korosho ambayo hayajatoka, wakazunguka nyumba kwa nyumba kukopa, kwa sababu walisikia hospitali ya misheni hutibiwi bila fedha. Walipopata, jioni, mto ulikuwa umejaa. Wamelala ukingoni na mgonjwa wao, wakingoja maji yapungue. Mkwe ndiye aliyeingia majini wa kwanza kupima kina.

Nilienda kumwomba radhi. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia yameisha, mwanangu. Kwangu hayajaisha hadi leo.

Wataalamu wana namna ya kulieleza hili, nawe pengine ulifundishwa: machelewo matatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa mtu akishafika. Mfumo huo ulichapishwa mwaka 1994 na bado ndio tunaoutumia. Darasani niliuandika kwenye daftari na mtihani nikafaulu. Ila sikuwa nimewahi kuwaza kwamba machelewo mawili ya kwanza yanaweza kuwa yamesimama mbele yangu, kanga imelowa hadi kiunoni, na chelewo la tatu ni mimi ninayepoteza muda kufoka. Tangu siku ile, mgonjwa akifika amechelewa siulizi kwa nini. Nauliza: mmepita wapi hadi kufika? Swali hilo hufungua mdomo wa mtu, na majibu yake ndiyo yaliyonifundisha jiografia ya wilaya nzima. Nilijua mto upi hufunga mwezi upi. Nilijua zahanati ipi ina mkunga na ipi imefungwa. Hata kijiji ambacho dereva wa bodaboda hakubali kwenda usiku nilikijua.

Elimu hiyo ina kazi. Mama wa kliniki anayetoka ng'ambo ya mto, ambaye amewahi kupasuliwa au ana mimba ya kwanza na kimo kifupi, usimwambie "uwahi uchungu ukianza". Mwambie aje wiki mbili au tatu kabla, akae kwenye nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Hospitali nyingi za misheni zina nyumba kama hiyo, na mikoa ya kati huiita chigonela. Ukifika, nenda ukaitembelee. Angalia kama kuna kuni, maji, pa kupikia, maana mama akikosa cha kupika ataondoka, na ataondoka siku moja kabla ya uchungu. Nimeona wodi nzuri zikikosa wagonjwa waliokuwa mita mia moja kutoka mlangoni, kwa sababu tu hakuna aliyewajali kule jikoni.

Hilo la fedha nalo lijue mapema. Sera ya nchi inataka wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wasilipe, lakini hospitali ya misheni inaweza kutekeleza hivyo pale penye makubaliano ya huduma na halmashauri. Pasipo na makubaliano, dawa na nyuzi za kushonea zinanunuliwa kwa fedha za mgonjwa mwingine aliyelipa. Uliza siku ya kwanza: hapa nani halipi, na afisa ustawi wa jamii ni nani? Kisha wafahamishe kina mama kliniki, waache kulala ukingoni mwa mto kwa kuogopa bili ambayo pengine isingekuwepo.

Wanaosema utasahau ulichosoma hawajawahi kukaa leba ya kijijini. Utakumbushwa kila kitu, na usiku. Chuoni ulifundishwa kwamba mama akipoteza damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua ni hatari. Je, kwenye giza la kurunzi, mililita 500 zinaonekanaje? Macho hudanganya, na mara nyingi tunakadiria pungufu. Kule Kigoma, watafiti walioshirikiana na wakunga wa jadi walitumia kipimo ambacho kila nyumba inacho: kanga mbili zikilowa damu, umefika mililita 500, chukua hatua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005, na mpaka leo sijaona kipimo kinachoeleweka haraka kuliko hicho kwa bibi asiyejua kusoma. Hospitalini utakuwa na vifaa bora, mfuko wenye vipimo ukiwepo utumie, lakini kanga ikumbuke. Na ukumbuke oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inahitaji ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika kwa siku mbili, uliza sindano zimekaa wapi kabla hujaambiwa mama anavuja damu.

Jambo jingine litakusumbua wewe zaidi ya mwenzako aliyesomea kijijini. Utafika ukijua utaratibu wa hospitali kubwa na utaona kule wanafanya tofauti. Mara nyingine watakuwa wamekosea, na ukiwa na hakika utasema. Lakini ngoja kwanza, uulize. Kuna mfano sitauacha kamwe.

Kwa miaka mingi vitabu vya nje vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, mikono ya baridi na mapigo ya haraka, apigwe dripu ya kasi. Ilionekana jambo lisilo na mjadala. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali ambazo mbili kati yake ni za misheni: Teule ya Muheza, kwetu Tanga, na Lacor ya Gulu, Uganda. Ulisimamishwa mapema mwaka 2011 kwa sababu watoto waliopewa dripu ya kasi walikuwa wanafariki zaidi. Ndani ya saa 48 walikufa karibu 11 katika kila 100, na wale waliopewa maji ya kawaida tu, bila dripu ya kasi, walikufa karibu 7. Watoto wa kuhara na wa utapiamlo hawakuwemo, hao wana taratibu zao, usichanganye. Lakini wale wa malaria kali na upungufu wa damu waliojaa kwenye wodi zetu walikuwemo.

Fikiria hilo. Kilichoonekana ni huduma bora, kwa mtoto wa kwetu kilikuwa madhara, na walioligundua walikuwa manesi na madaktari wa wodi kama utakayoingia. Muheza hiyohiyo pia ilikuwa moja ya hospitali zilizoshiriki katika utafiti wa 2010 ulioonyesha kwamba sindano ya atesunate huokoa watoto wa malaria kali kuliko kwinini. Hospitali ya kijijini haingoji tu ujuzi uletwe na basi kutoka mjini. Kwa hiyo ukiona nesi mzee anaweka dripu polepole na wewe moyo unakimbia, muulize. Anaweza kuwa amezika watoto wengi kabla ya kujua kwa nini.

Wewe basi utaacha nini? Wengi wa wanaojitolea hufikiri wataandaa semina. Siku moja, ubao, soda, picha ya pamoja, mwisho wa semina. Haydom walipima jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwaka 2010 waliwafundisha wakunga kwa siku moja namna ya kumsaidia kupumua mtoto mchanga aliyezaliwa kimya: umkaushe, umsisimue, na ndani ya dakika ya kwanza umpulizie hewa kwa mfuko wa ambu kama hajapumua. Kwenye mdoli wa mazoezi, mikono ya wakunga ilibadilika sana. Kwenye leba yenyewe, na mtoto wa kweli, karibu hakuna kilichobadilika. Ndipo wakaja na njia nyingine: mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, palepale leba, mdoli ukiwa umekaa jirani na kitanda. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua.

Ukichukua jambo moja katika barua hii, chukua hilo. Uliza kama mdoli upo. Mara nyingi upo, umefungiwa kabatini na funguo anayo mtu aliyehama. Utoe. Kila mwanzo wa zamu, kabla hamjaanza ripoti, kila aliyepo ampulizie mara chache, na mhudumu naye, na wewe ukiwa wa kwanza kukosolewa. Dakika tano. Usiandike kwamba ni mradi wako. Muombe muuguzi kiongozi wa leba aushike yeye tangu wiki ya pili, wewe uwe mkumbushaji tu. Miezi sita ikiisha utaondoka, na asubuhi yako ya mwisho mazoezi yatakuwa ya mtu ambaye haondoki.

Utakutana na wageni wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya, wiki sita sita. Wengi ni watoto wazuri waliojaa hofu. Wataomba uwatafsirie. Ukitafsiri, tafsiri pande zote mbili, na kabla hawajapiga picha ya mgonjwa muulize mgonjwa kwa lugha anayoielewa, mbele yao, na akisema hapana iwe hapana. Mgonjwa wa kwetu akimwona mgeni na koti jeupe hukubali kila kitu. Wewe ndiye utakayejua kama amekubali kweli.

Kuhusu dini yako, usiogope. Lindi na Mtwara Waislamu ni wengi, na wagonjwa wa hospitali hizo za misheni ni haohao. Nimefanya kazi na wauguzi Waislamu miaka yote, mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Siku huanza kwa sala fupi kanisani au kwenye ukumbi, kisha ripoti. Uliza mapema kama unaweza kuingia kwenye ripoti moja kwa moja. Wengi watakuambia ndiyo, na wengine watakuambia kaa tu nasi, ni chaguo lako. Panga na msimamizi muda wa swala, na Ramadhani omba zamu unayoimudu, nawe Krismasi na Pasaka mshikie mwenzako. Hijabu fupi ya thieta iliyochemshwa uwe nayo ya kwako.

Lipo moja la kujua kama mkunga. Hospitali za Kikatoliki hufundisha mpango wa uzazi wa njia za asili, vidonge, sindano na vijiti hazitoi. Utapata mama wa watoto saba anayekuuliza. Usifanye jambo la kificho ndani ya nyumba ya watu. Uliza siku za kwanza wanaelekeza wapi wanaotaka njia nyingine. Kwa kawaida kuna zahanati ya serikali si mbali, na mama ana haki ya kujua ilipo.

Afya yako mwenyewe. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ianze kabla hujaondoka Dar es Salaam. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha, toa taarifa saa ileile, uanzishiwe dawa za kinga ya VVU. Dirisha ni saa 72, lakini kila saa unayowahi ni bora, na dawa ni za siku 28. Glovu zikiisha, sema kwa sauti. Pale Lacor, Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, wahudumu kadhaa wa hospitali walikufa wakihudumia wagonjwa, na mganga mfawidhi wao, Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa amewahi kuutambua ugonjwa na kuzuia usisambae zaidi, naye akafariki Desemba mwaka huo. Namlilia hadi leo ingawa sikuwahi kumwona. Watu hao hawakuwa wazembe. Walichoka, na mtu aliyechoka hukosea kuvaa. Kwa hiyo unapoomba upumzike baada ya usiku wa tatu, unalinda wagonjwa pia.

Na utalia. Mtoto wa kwanza kukufia mikononi kule utamkumbuka jina. Usilie peke yako chumbani. Nenda kwa yule mhudumu wa usiku, kaa naye nje kwenye benchi, atakuwa na chai.

Beba kurunzi ya kichwani na betri za akiba, saa yenye mshale wa sekunde, fetoskopu yako ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, mkasi, daftari dogo la mfukoni, kandambili imara, kanga mbili na sweta, usiku wa Juni huwa na baridi kuliko unavyodhani. Kabla ya kuondoka mpigie matroni, si katibu, matroni. Muulize wodi gani ina upungufu mkubwa na ni kitu gani kidogo wanachokikosa ambacho wewe unaweza kukibeba kwenye begi. Nilipouliza swali hilo mara ya mwisho, kabla ya kustaafu, niliambiwa: kalamu za bluu na saa ya ukutani ya leba, ili saa ya kuzaliwa iandikwe sawasawa. Nikazinunua.

Wakishakupangia wodi niandikie. Ikiwa ni leba, nitakueleza mengine ambayo hapa hayatoshei.